Mafundo Arobaini na Moja

Kamba ya Mzee Kaijage ilikuwa na mafundo mia moja na ishirini na sita, na arobaini na moja kati ya hayo yalikuwa ya uongo. Hesabu hiyo hakuijua mtu mwingine ila yeye, na pengine mkewe, Kemirembe, ambaye hakuwahi kumuuliza moja kwa moja.

Ilikuwa kamba ya mgomba, imesokotwa vizuri, na mahali pake palikuwa msumari wa juu kabisa katika kibanda cha kuhifadhia mikeka ya kuanikia kahawa, pembeni mwa kibanja chake, shamba la migomba la nyumbani, kijijini Igurwa. Chini yake ilipangwa misumari ya kamba nyingine kumi na moja, kila moja na mwenyewe. Aliyetembea asubuhi kutoka kibandani hadi kijitoni na kurudi, alilowesha ncha ya kamba yake na kufunga fundo moja. Asiyetembea, kamba yake ilikatwa kwa kisu mbele ya wenzake, akaanza upya, akashushwa msumari wa chini. Sheria hiyo aliitunga Kaijage mwenyewe.

Asubuhi hiyo ya Jumanne aliitungua kamba yake, akaikunja, akaitia mfuko wa ndani wa koti na kushika njia ya kwenda kwa Uwamahoro, mmoja wa wenye kamba zile. Jana yake alikuwa ameletewa habari: Uwamahoro, ambaye hata mwezi haujatimia tangu akatwe vidole viwili vya mguu wa kulia, amesema Alhamisi atatembea. Daktari alikuwa amemkataza kukanyagia mguu ule mpaka kidonda kifunge, na kidonda kilikuwa bado kibichi. Akitembea, safari hii hawatakata vidole. Watakata mguu.

Kaijage alijua kwa nini mwanamke yule alikuwa hasikii la daktari. Alijua kama ajuavyo njia ya kwenda kisimani kwake. Ndiyo maana alitembea polepole, kama mtu anayetumaini barabara itarefuka.

Jambo lenyewe lilianza mwaka uliopita, zahanati ilipowakusanya watu wa kijiji wenye presha na wenye kisukari na kuwaambia watembee nusu saa kila siku. Walikuwa kumi na wawili. Walitembea siku nne. Siku ya tano kila mmoja alikumbuka kwamba ana palizi, na huo ukawa mwisho.

Kaijage aliona aibu kwa niaba ya wote. Yeye hakuwa mtu wa kuanza jambo na kuliacha. Alipokuwa na miaka arobaini na minane, tayari ana mjukuu, alijiandikisha masomo ya jioni akakaa dawati moja na vijana waliomwita babu. Mchana alilima, jioni alisoma, na baada ya miaka minne alishika cheti cha kidato cha nne kwa mikono yenye sugu za jembe. Hakukosa kipindi hata kimoja. Hilo alilisema mara nyingi, na kila aliyeishi Igurwa alikuwa amelisikia.

Basi ilipotangazwa semina ya siku mbili mjini Kayanga, juu ya namna ya kuwasaidia watu wadumu na mazoezi, yeye ndiye aliyekwenda. Mfundishaji alikuwa mama mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Deodatha, mwenye sauti ndogo na maneno yasiyozunguka.

"Watu hawaachi mazoezi kwa sababu ni wavivu," alisema. "Wanaacha kwa sababu mazoezi hayana mahali pa kukaa katika siku yao. Mtafutieni mtu mahali pa kuyaweka."

Kaijage aliandika. Anza na kidogo mpaka mtu aone ni mchezo. Lifunge jambo jipya kwenye jambo ambalo mtu tayari hulifanya kila asubuhi, lipande mgongoni mwake kama mtoto. Fanya maendeleo yaonekane kwa macho. Usimwache mtu peke yake. Aliandika yote kwa mwandiko wake wa kulala, akapigia mistari kwa rula.

Kisha Deodatha akasema la tano. "Mpangieni mtu siku ya kukosa kabla hajakosa. Atakosa tu, ni binadamu. Ataugua, atafiwa, mvua itanyesha. Akikosa siku moja hajaharibu kitu. Mfundisheni kurudi siku ya pili bila aibu. Aibu ni dawa kali, wazee wangu. Inatibu mmoja na kuwaumiza watatu, na wale watatu hawatakuja kukwambia."

Hapo Kaijage aliweka kalamu chini. Alikumbuka miaka yake minne ya taa ya kandili. Siku ya kukosa? Hiyo ni ruhusa ya uvivu, alijiambia, imevalishwa koti la kitaalamu. Hakuiandika, na aliporudi Igurwa hakuifundisha.

Yale manne yalifanya kazi. Katikati ya Januari walianza kwa kutembea mpaka kwenye mti wa mpera tu na kurudi, watu wakicheka. Jovitus, jirani yake mwenye domo kubwa na presha kubwa zaidi, alitoka mara tu alipokwisha kuwafungua mbuzi. Uwamahoro alitoka mara tu alipokwisha kuzoa majivu jikoni. Wiki ya tatu walikuwa wanafika kijitoni. Kamba zilirefuka. Watu walisimama kibandani wakilinganisha mafundo kama watoto wanaolinganisha urefu. Mara mbili Kaijage alikata kamba ya mtu, mara mbili mtu yule alitazama chini, na baada ya hapo hakuna aliyekosa tena. Kaijage aliona kwamba kisu chake kimetia chumvi iliyopungua katika elimu ya Kayanga. Jovitus akaanza kumwita Mwalimu, kwa utani kidogo, naye akaitika bila utani.

Yeye alitembea kabla ya wote, peke yake, alfajiri, ili awahi kurudi na kuwapokea kibandani. Kwa hiyo hakuna aliyemwona.

Ikaja masika. Siku moja katikati ya Machi goti lake la kushoto, ambalo lilikuwa na ugomvi wa siku nyingi na baridi, lilivimba. Alifika kibandani akasimama chini ya ukingo wa bati, maji yanamlowesha suruali, akisema mvua ikipungua nitatoka. Mvua haikupungua. Alisikia hatua, na Uwamahoro akatokea kwenye migomba, nailoni kichwani, anahema.

"Shikamoo, mzee wangu. Umeshakwenda?"

Mdomo wake ukajibu kabla yake. "Marahaba. Nimesharudi."

Yule mama alitazama suruali iliyolowa, akatikisa kichwa kwa heshima. "Sisi vijana tuna la kujifunza," alisema, yeye mwenye miaka hamsini na miwili. Akasubiri kuona fundo. Kaijage akafunga fundo.

Alijiambia kesho atakwenda mara mbili kufidia. Kesho goti lilikuwa baya zaidi. Na uongo nao, kama mazoezi, ukianza na kidogo na ukiupatia mahali pa kukaa katika siku, unadumu. Kufikia Aprili alikuwa amegundua kwamba akifunga fundo la kesho jioni ya leo, anapopitia kibandani kufunika mikeka, hahitaji hata kuamka mapema.

Kemirembe alisema mara moja tu. Alikuwa ameinama anafagia uwanja.

"Baba Ainembabazi, kijito kimekauka?"

"Kikauke na mvua hizi? Kwa nini?"

"Raba zako hazina tope." Akaendelea kufagia.

Sasa Uwamahoro. Alizaliwa Kibingo, upande wa Kyerwa, kwa wazazi waliotoka Rwanda zamani wakiwa watoto. Aliolewa Igurwa, akazaa hapa, akamzika mume hapa, analima kahawa yake hapa, na bado kulikuwa na watu ambao mambo yakiharibika walimwita mgeni. Hakugombana nao. Alifanya kila kitu mara moja na nusu ya wengine: shamba lake lilipaliliwa mara moja zaidi, mchango wa msiba aliupeleka siku moja kabla. Na kamba yake ilikuwa kwenye msumari wa pili, fundo kwa fundo na ya Kaijage, haijakatwa hata mara moja.

Mwishoni mwa Aprili alilazwa hospitali. Kaijage alisikia ni kidonda cha mguu, akasikitika kama jirani yeyote. Asubuhi ya kwanza ambayo Uwamahoro hakutokea, wanakikundi walikusanyika kibandani. Jovitus alisema, "Mwalimu, huyu tumwache. Yuko kitandani, si mvivu."

"Sheria ni sheria," Kaijage alijibu. Alitaka kukubali. Lakini alihisi kwamba akiilegeza sheria mahali pamoja, watu wataanza kuichungulia mahali pengine. Akashika kisu, akaikata kamba yenye mafundo mia moja na manne. Siku hiyo yeye mwenyewe alikuwa amelala mpaka jua likachomoza.

Kesho yake alikwenda hospitali kumjulia hali. Vidole vilikuwa vimekwisha kukatwa. Uwamahoro alilala mguu umeinuliwa juu ya blanketi, akafurahi kumwona, na akamsimulia, kwa sauti ya mtu anayetoa sifa, kilichotokea.

Kijiti cha kahawa kilimchoma chini ya mguu. Kwa sababu ya kisukari hakusikia maumivu, aliona damu tu ndani ya kiatu, na kidonda kimefunguka. Asubuhi ile alikwenda kibandani si kutembea, bali kumwambia Kaijage kwamba atapumzika siku chache, kamba ikatwe tu, hamna neno. Hakumkuta. Akatazama juu.

"Nikaona fundo lako la siku hiyo, mzee wangu. Limeshafungwa. Nikaligusa, bado bichi. Nikajisemea, mzee wa miaka sabini na moja, na goti lile ninaloliona linavyomtesa, amekwisha kwenda na kurudi. Mimi nina nini? Nikageuka nikaenda kijitoni. Na kesho yake. Siku tisa." Akacheka kidogo. "Nimeuponza mguu wangu, lakini siku zile tisa nilizitembea."

Kaijage alisema pole. Alisema pole mara nyingi sana. Nje ya wodi alikaa kwenye benchi mpaka mlinzi akamuuliza kama anasubiri mtu.

Mtu angedhani kwamba baada ya hapo alianza kutembea kweli. Alijaribu. Kila alfajiri alikaa ukingoni mwa kitanda, raba mkononi, na miguu ikakataa. Jioni alifunga fundo, kwa sababu kamba ikikatika watu watauliza. Uwamahoro aliporudi nyumbani, Kaijage alimtembelea mara mbili, na mara zote mbili mama yule alimpa kikapu cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na kukaushwa na maganda yake, kama mgeni anavyopewa. Mama yake Kaijage alimfundisha utotoni kwamba kahawa ya mtu uliyemficha ubaya haitafunwi. Alichukua punje, akasogeza mkono mdomoni, akazishusha mfukoni. Zilikuwa bado humo, pamoja na kamba, alipofika uwanjani kwa Uwamahoro Jumanne ile.

Uwamahoro alikuwa ndani, amekaa kwenye mkeka, mguu uliofungwa bandeji umenyooshwa juu ya mto. Binti yake, Immaculata, alikuwa karibu na mlango anamenya ndizi.

"Shikamoo, mzee wangu. Karibu. Immaculata, mpe mzee kiti."

"Marahaba, Mama Immaculata. Mguu unasemaje?"

"Haujambo. Viwili vimekwenda, vilivyobaki vimepata nafasi, havigombani tena ndani ya kiatu."

Kaijage hakuweza kucheka. "Nimesikia Alhamisi unataka kutembea."

"Sitaki. Nitatembea."

"Daktari amesemaje?"

"Amesema mpaka kifunge. Nikamuuliza kitafunga lini. Akasema kidonda cha mwenye kisukari hakina kalenda. Basi na mimi sina."

"Mwambie, mzee," Immaculata alisema bila kuinua kichwa. "Mimi nimesema mpaka koo limekauka. Labda wewe atakusikia. Humu ndani wewe ndiye Injili."

"Wewe menya ndizi," mama yake alimwambia. Kisha akamgeukia Kaijage, sauti imeshuka. "Alhamisi Deodatha anakuja na wageni kutoka Kibingo kutuangalia tunavyofanya. Kibingo ni kwetu. Watapita kwenye zile kamba, waulize, na ya Uwamahoro ni ipi? Waoneshwe msumari mtupu? Watasema, ndiyo, wale wa asili ya Rwanda hawadumu na kitu, hata huyu tuliyemwoza huko ameshindwa. Nitakwenda mpaka kijitoni na fimbo, nirudi, nifunge fundo moja. Moja tu. Watu waone nimeanza."

"Mimi ndiye msimamizi wa kikundi. Nakukataza."

"Kikundi kina sheria moja, mzee wangu, nawe ndiye uliyeitunga."

"Naibadilisha."

"Kwa ajili yangu? Ndipo watakaposema vizuri. Wewe ulitembea na goti, kwenye mvua, sheria haikubadilishwa."

Alijaribu tena. Alimweleza juu ya mishipa na damu, mambo aliyoyasoma. Alimtajia mtu wa kijiji cha pili aliyepoteza mguu mpaka gotini. Kila njia aliyoingia, Uwamahoro alimrudisha kwa upole pale pale: wewe ulitembea. Immaculata alikuwa ameacha kumenya. Kaijage aliona kwamba imebaki njia moja, na kwamba alikuwa anaijua tangu atungue kamba.

Akaitoa kwenye koti na kuiweka kwenye mkeka.

"Sikutembea," alisema. "Humo mna mafundo arobaini na moja ya uongo."

Uwamahoro alimtazama, kisha akacheka. "Mzee, kwa kunizuia utasema hata shule ya jioni hukusoma."

"Siku ile ya kwanza ya mvua, uliponiuliza kama nimeshakwenda. Nilikuwa sijatoka kibandani. Suruali ililoweshwa na maji ya bati."

Kicheko kilitoka usoni mwake taratibu, kama maji yanavyozama kwenye udongo. Alivuta kamba karibu, akaanza kuipitisha vidoleni, midomo inahesabu. Alichukua muda mrefu. Akasimama mahali.

"Hili ni la tisini na sita," alisema. "Siku niliyokuja kukwambia nitapumzika."

"Nililifunga jana yake jioni. Asubuhi ile nilikuwa nimelala."

"Lilikuwa bichi."

"Umande. Kibanda kile hakina mlango."

Kuku aliingia, akapita kati yao, akatoka. Immaculata alisimama na kisu cha ndizi mkononi, akakitazama, akakiweka chini kwa uangalifu kana kwamba kinaweza kuvunjika, akaenda nje.

"Na yangu uliikata," Uwamahoro alisema.

"Niliikata."

"Mafundo mia na manne. Uliyahesabu kwanza?"

"Niliyahesabu."

"Unajua, mzee, ningekufa mwaka huu ningesema angalau nimekaa kijiji kimoja na mtu asiyedanganya." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Immaculata. Lete maji kwenye beseni."

Binti alileta. Uwamahoro alitumbukiza kamba yote, akaibonyeza chini ya maji kwa kiganja kama anayeosha nguo ya mtoto.

"Kamba kavu ukiilazimisha inakatika, na hii sitaki ikatike," alisema. "Fungua ya uongo. Ya kweli yaache. Nitaona."

Kaijage alishuka kwenye kiti akakaa chini, goti likalia. Alianza na la katikati ya Machi. Alidhani atayasahau, lakini kila fundo lilikuwa na siku yake. Hili ni la Jumapili ya matawi, alikwenda kanisani akashika tawi kwa mkono ule ule uliolifunga. Hili, mjukuu alilala kwao akamuuliza, babu huendi leo? Hili ni la siku aliyokata kamba ya mwenzake. Uzi wa mgomba ulimkata chini ya kucha. Uwamahoro hakumsaidia wala hakugeuza macho. Kivuli cha mlango kilikuwa kimevuka mkeka alipofika kwenye la tisini na sita, alilokuwa ameliruka akaliacha la mwisho.

"Hilo liache," Uwamahoro alisema.

"Nalo ni la uongo."

"Najua. Hilo si lako peke yako. Utalifungua siku nitakayokwambia."

Kaijage alitia mkono mfukoni, akatoa punje za kahawa, zimeshikwa na nyuzi za koti, akaziweka kwenye mkeka. Uwamahoro alizitambua. Alivuta kikapu chake kidogo, akazirudisha humo moja moja, akakifunika. Hakumpa nyingine.

"Na Alhamisi?" Kaijage aliuliza.

"Alhamisi nitakaa hapa. Nilikuwa nakimbizana na mtu, kumbe amelala." Akageuka upande wa ukuta. "Immaculata, msindikize mzee."

Immaculata alimsindikiza mpaka mwisho wa uwanja tu, na kamba ikabaki kwenye beseni.

Alhamisi wageni wa Kibingo walifika saa nne, kumi na wawili, na Deodatha akiwatangulia. Kemirembe aliwapikia chai. Walisimama mbele ya kibanda, wakatazama kamba, na mmoja akauliza kama Kaijage alivyojua atauliza: kwa nini msumari wa juu hauna kitu?

Alikuwa ameandaa maneno, kwenye daftari, kwa mistari. Hakuyasoma. Alisema kwamba msumari ule ulikuwa wake, kwamba alidanganya siku arobaini na moja, na kwamba mwanakikundi mmoja, mzaliwa wa kwao Kibingo, alitembea kwenye kidonda kwa kuuamini uongo huo, akapoteza vidole viwili. Alisema, "Na kamba yake ilikuwa ya kweli yote. Nami ndiye niliyeikata."

Deodatha alimgeukia. "Lile la tano, mzee. Siku ya kukosa. Nililifundisha."

"Ulilifundisha. Mimi ndiye niliyeona halinifai."

Jovitus alikohoa nyuma. "Sasa, Mwalimu, kwa kuwa umefungua mlango," alisema, akikuna shingo, "yangu saba. Siku za mvua nilikuwa nageukia kwenye mpera."

"Yangu matatu," alisema mama mwingine, uso umeinama.

Mtu akacheka, kisha mwingine, na kicheko kikazunguka kibanda. Wakaendelea kutaja: mawili, matano, kumi na moja. Hata wageni walicheka. Kaijage hakucheka. Katika kila hesabu alisikia mtu aliyesimama peke yake gizani akimwogopa yeye. Kati ya kamba kumi na mbili, ilitokea kwamba isiyo na fundo hata moja la uongo ilikuwa moja tu, na ilikuwa imelala vipande viwili kwenye kopo kwenye dirisha la Uwamahoro.

Deodatha aliomba kisu kile cha kukatia. Akakitia mkobani bila kueleza, wakaendelea na mafunzo. Walikubaliana kwamba anayekosa ataacha uwazi wa kidole kimoja kwenye kamba, bila kukatwa wala kuulizwa, kisha aendelee.

Ijumaa Kaijage alitoka alfajiri. Hakuifunga safari kwenye jambo lolote, alivaa raba tu. Njia ya kijitoni inapita mbele ya nyumba ya Uwamahoro, na mwanamke yule alikuwa amekwisha kutoka nje, amekaa kizingitini, mguu umewekwa juu ya kinu kilicholazwa. Jikoni Immaculata alikuwa anazoa majivu.

Kaijage alipunguza mwendo akingojea shikamoo. Katika miaka yote ile haikuwahi kuchelewa. Alingoja mpaka akaelewa.

"Umefika kijitoni?" Uwamahoro aliuliza.

"Bado. Ndiyo nakwenda."

"Nenda."

Alikwenda. Goti lilimwambia la kwake njia nzima, naye hakulijibu. Kijitoni alisimama, akatazama maji, akageuka. Aliporudi jua lilikuwa limegusa migomba, na Uwamahoro alikuwa pale pale kizingitini. Hakumtazama usoni. Alitazama raba.